Uzinduzi wa Kapasita Isiyo na Ufa

(Hotuba ya Mheshimiwa Zebedayo Mchomvu, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Kapasita, aliyoitoa mjini Same siku ya uzinduzi wa kiwanda, mbele ya wananchi walioletwa kwa magari kutoka Chome, Suji na Kisiwani.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati, ambaye ameshindwa kufika kutokana na majukumu mazito ya kutofika. Ndugu Anderson, Katibu wetu, mchapakazi, uliyenishikia mwavuli. Waheshimiwa wazee wa milimani na waheshimiwa wazee wa tambarare. Wachungaji, mapadri na masheikh, kila mmoja kwa cheo chake na kwa ukubwa wa kiti alichopewa. Akina mama wa tangawizi, akina baba wa mkonge, wafugaji wa Kisiwani mlioacha ng'ombe wenu machungani kwa ajili ya sayansi. Vijana wa bodaboda, ambao nawaomba kwa heshima mzime injini. Mabibi na mabwana, na yeyote ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa kwa uzito kuliko hao waliotajwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa nikiwa na furaha ambayo, kwa mujibu wa tathmini ya awali, haijawahi kusimama mahali hapa. Leo tunazindua Kiwanda cha Kapasita cha Upare, mradi jumuishi, shirikishi, wezeshi na endelevu, uliopita katika fizibiliti, ukapita katika semina ya stekiholda, ukapita katika semina ya kuijadili semina ya stekiholda, na sasa umefika kwa wananchi wenyewe, mnaopigwa na upepo huu wa Same lakini hamwondoki, ingawa nafahamu kwamba magari ya kuwarudisha yatakuja baada ya hotuba. (Minong'ono.)

Wengi mmeniuliza njiani, Mheshimiwa, kapasita ni nini? Ni swali zuri. Na mimi niliwahi kuliuliza, ila niliuliza ndani ya semina, jambo ambalo ni tofauti. Kapasita ni kidude. (Kicheko.) Msicheke. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika, na ndani yake mna matabaka mengi ya kauri, yaani udongo uliochomwa kama wa vyungu, ila huu umesoma. Kila tabaka jembamba kuliko ganda la kitunguu, na kati ya tabaka na tabaka mna utando wa metali. Kazi yake ni kushika umeme kwa muda mfupi, kisha kuuachia pale unapohitajika. (Sauti kutoka nyuma: "Tofauti na nyinyi!" Kicheko.) Nashukuru kwa mchango huo, Katibu ameuandika. Vidude hivyo vimo kwenye simu zenu, vimo kwenye redio zenu, vimo kwenye chaja za umeme wa jua, na ni katika chaja ndipo historia yetu inapoanzia, kwa kuwa mradi huu una historia, na historia hiyo ina watu, na mimi ni kiongozi ninayependa kumpa kila mtu nafasi yake, hasa nafasi ya pili.

Yupo Husna. Husna, simama wakuone. (Mwanamke mwenye mtandio wa kijani anainuka nusu, anakaa.) Husna ni mfanyabiashara wa hapa mjini, duka lake liko kando ya barabara kuu, anauza taa na chaja za umeme wa jua pale pale ambapo babu yake aliuza mafuta ya taa, kwa hiyo ukoo wake umekuwa katika sekta ya mwanga tangu enzi. Huyu mama aliuza chaja nyingi kwa watu wa Chome, na kwa takwimu za Kamati asilimia mia moja na nne ya chaja hizo zilikufa. (Kicheko.) Zilipanda mlimani nzima, zikiwa zimefungwa nyuma ya pikipiki, zikafika, zikawaka siku chache, zikazima. Nyingine zilizima njiani. Njia ya Chome mnaijua. Ni barabara iliyomo katika mpango kabambe wa maboresho, na imekuwamo katika mpango huo tangu mimi nikiwa kijana, jambo linaloonyesha uimara wa mpango. (Kicheko kikubwa upande wa Chome.)

Na Mzee Eliamini namwona pale, amekaa mbele, kofia mkononi. Mzee, shikamoo. (Mzee Eliamini: "Marahaba.") Mzee huyu alishuka kutoka Chome na chaja yake kwenye kikapu, akaingia dukani kwa Husna siku ya gulio, duka limejaa, akaiweka juu ya meza. Husna akamwamkia. Mzee akaitikia, halafu akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Binti yangu, umeniuzia boksi."

Husna akajibu, "Baba, nimekuuzia chaja, kama nilivyouziwa mimi."

"Basi na wewe uliuziwa boksi," Mzee akasema, "ila wewe ulijua, ukanipa mimi."

Ndugu wananchi, maneno hayo yalisambaa haraka kuliko taarifa yoyote iliyowahi kutoka ofisini kwangu. Ikawa "boksi la Husna". Mtu akipewa zawadi harusini, ikafungwa vizuri na utepe, watu wanauliza kama haikutoka kwa Husna. Wateja wakavuka barabara kwenda upande wa pili. Naambiwa kuna wiki alifungua duka asubuhi, akafunga jioni, bila mtu yeyote kuingia hata kuuliza saa. (Husna anainamisha kichwa. Baadhi ya wanawake wanaguna.)

Ndipo akapanda kumfuata Rogathe huko Suji. Rogathe ni binti wa Suji, walikaa dawati moja na Husna sekondari. Baadaye akasomea uhandisi wa elektroniki Dar es Salaam, akaenda na nje akaongeza, na akarudi kufundisha chuo cha ufundi. Husna akamwaga chaja zilizokufa mezani, akasema, "Wewe ndiye niliyebaki naye. Niambie kama mimi ni mwongo."

Rogathe akazifungua, akaziweka chini ya hadubini, moja baada ya nyingine. Akaona kwamba bodi ya ndani hujipinda pikipiki inaporuka mashimo. Bodi inajua kujipinda, lakini kapasita ni kauri, haijui. Inapasuka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Ufa unapita kwenye matabaka, utando wa upande huu unagusana na wa upande ule, umeme unapiga shoti, chaja inakufa. Akamwita Husna aangalie mwenyewe.

"Unaona ule mstari kama unywele?"

"Nauona."

"Huo ndio uliokuita mwongo. Ni ufa."

Na Husna, kwa taarifa zilizoifikia Kamati, alilia, akajifuta kwa mtandio, akauliza, "Unaweza kuuziba?"

Hapo, ndugu wananchi, ndipo inovesheni ilipozaliwa. (Makofi machache.) Rogathe aliacha kazi ya chuo, jambo ambalo wazazi wake hawakulifurahia, akahangaika kuuzuia huo ufa. Alijaribu hivi, akajaribu vile. Wenzake aliosoma nao nje walimtengenezea sampuli kwenye maabara yao, akazipinda, zikapasuka. Siku moja akampigia Husna simu akamwambia, "Nimeacha kuuzuia. Kauri itapasuka tu. Sasa nautafutia ufa pa kupita." Akayapanga matabaka upya: karibu na kingo akaweka matabaka matupu, yasiyo na utando wa metali, yameshuka kwa mshazari, ili ufa ukianza uyafuate hayo, utokee nje, usiguse kitu. Wakatengeneza sampuli nyingine. Akazipinda. Zikapasuka kama za mwanzo, na zikaendelea kufanya kazi. (Kimya.)

Sikieni ukimya huo. Na mimi nilinyamaza hivyo hivyo aliponieleza, kwa sababu nilikuwa sijaelewa.

Kwa maana alikuja ofisini kwangu. "Shikamoo Mheshimiwa." Nikamwitikia, "Marahaba binti, umetuletea fursa gani?" Akasema, "Sikuleta fursa, Mheshimiwa. Nimeleta ufa." Lakini kiongozi huona mbali. Kabla chai yake haijapoa nilikuwa nimeshaunda Kamati, nimeshajiteua Mwenyekiti, nimeshamwahidi kiwanda hapa hapa Same, na yeye, kwa imani kubwa, akaikabidhi Kamati uwakilishi wote wa ombi lake la hataza, kwamba barua zote ziingie kwetu na sahihi zote zitoke kwangu.

Sasa, hataza ni nini? Hataza ni hati inayosema kitu hiki nimekibuni mimi, mwingine asikiguse bila ruhusa yangu. Kuipata kuna masharti. Kitu lazima kiwe kipya, kisiwe kimeshabuniwa na mtu mwingine mahali popote duniani. Na hata kikiwa kipya, kisiwe kitu ambacho mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo angekifikia tu kwa kuunganisha vilivyokuwapo. Sisi tukapeleka ombi Dar es Salaam, na mchunguzi wa hataza akatujibu kwa lugha ya staha kwamba wapo waliotutangulia. Yupo mmoja ng'ambo, zamani, aliyeweka gundi laini yenye metali kwenye ncha za kapasita ili bodi ikijipinda isiivute kauri. Na yupo mwingine aliyeukatisha utando katikati, ili upande mmoja ukipasuka upande wa pili ubaki. Na hayo yote mawili, akasema, yalikuwamo kwenye ombi letu, na mtu mwenye ujuzi wa kawaida angeweza kuyaunganisha.

Nililipokea jambo hili kwa masikitiko ya kiwango cha juu. Nikauliza kikaoni: huyu mtu mwenye ujuzi wa kawaida ni nani? Anaishi kata gani? Aletwe! (Makofi.) Katibu Anderson akapita kijiji kwa kijiji, na bila ugumu wowote tukapata watu wenye ujuzi wa kawaida wengi mno, tukawaita kwenye usaili, na hakuna hata mmoja aliyejua kapasita ni nini. Tukayapeleka majina yao Dar es Salaam kama ushahidi. (Kicheko.) Nikahoji vilevile, hawa waliotutangulia, walitangulia kwa kibali cha nani? Mbona Same hatukupewa nakala? Kitu kinawezaje kuwa cha zamani wakati sisi tumekisikia mwaka huu?

Rogathe, kwa upande wake, alikuja na hoja nyembamba. Nayasema haya kwa upendo, ni kama binti yangu. Akasema, "Mheshimiwa, mchunguzi ana haki. Gundi laini si yangu, na utando uliokatishwa si wangu. Niliyaweka kwa sababu yanasaidia, sasa tuyaachie wenyewe. Wale wote walikuwa wanaukimbia ufa. Hakuna aliyeupangia njia. Hicho ndicho changu. Tudai hicho tu." Na kumbe alishaongea na mchunguzi kwa simu, na mchunguzi akamwambia kwamba akijibana hapo kwenye njia ya ufa, na akileta vipimo vyake, yeye haoni aliyetangulia.

Hicho tu! Ndugu wananchi, hilo neno "tu" ndilo linaloturudisha nyuma. (Anapiga meza. Kipaza sauti kinalia.) Nikamwuliza, "Kwa hiyo unataka mimi nisimame mbele ya taifa niseme Kamati yangu imevumbua ufa?"

Akasema, "Hatukuvumbua ufa, Mheshimiwa. Tumevumbua pa kuupitisha."

Nikamwambia, "Binti, ufa ni ufa. Mradi wa maendeleo hauzinduliwi ukiwa na ufa."

Kamati ikaenda Moshi kwa mapumziko ya kikazi, tukalifumua ombi na kulisuka upya kimkakati. Kila palipoandikwa "ufa" tukaandika "fursa". Ikasomeka vizuri sana: "fursa huanzia ukingoni, hupenya matabaka, na kutokea nje bila kumgusa yeyote." (Kicheko kirefu. Mzee mmoja anafuta macho.) Kisha madai tukayapanua. Badala ya kapasita, tukadai kitu chochote chenye matabaka zaidi ya moja, kiwe cha kauri, cha udongo, cha unga au cha kitambaa, na hivyo tukawa tumejumuisha chapati, magodoro, vitunguu, na kwa tafsiri pana Milima ya Upare yenyewe. Kwenye orodha ya wavumbuzi tukamwongezea Rogathe nguvu kwa kuniweka mimi, kisha Makamu, kisha Anderson. Mchango wangu wa kitaalamu ulikuwa neno "jumuishi".

Jibu lilikuja. Sitalisoma lote. Mchunguzi anasema kwamba yale tunayodai yametanguliwa na vitu vingi, vikiwamo vitunguu. (Kicheko.) Anasema pia kwamba hakuelewa fursa inayozungumziwa inaanzia upande gani. Anatupa nafasi ya mwisho ya kujibu, nayo inakwisha Ijumaa hii, na baada ya hapo ombi limekufa, na kwa kuwa maelezo yake yalishachapishwa, basi hata Rogathe akianza upya ataambiwa ametanguliwa, na aliyemtangulia ni yeye mwenyewe. Wapo watakaosema tumeshindwa. Mimi nasema tumekataliwa kwa asilimia mia, kiwango ambacho wilaya nyingi hazijakifikia, na ndiyo maana leo tunasonga mbele kuzindua…

Naona Rogathe amesimama. Rogathe, kwenye ratiba haumo, lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa watu, pita mbele, toa shukrani zako, kwa ufupi. Mpigieni makofi, huyu ndiye mnufaika wetu. (Makofi. Mwanamke mrefu, sweta limefungwa kiunoni, anapanda jukwaani. Anapewa kipaza sauti cha pili.)

(Rogathe: "Shikamoo Mheshimiwa.")

Marahaba, binti yangu, marahaba.

(Rogathe: "Sina maneno mengi. Naomba unirudishie ufa.")

(Kicheko, kisha makofi yanayoanzia upande wa Suji.)

Binti, haya ni mambo ya kiofisi, yana utaratibu wake, wananchi wamekuja kwenye sherehe.

(Rogathe: "Leo ni Jumatano. Ijumaa ombi linakufa. Kipo kiwanda, si hiki, kiko mbali, kimekubali kutengeneza kapasita hizi kwa mpangilio wangu, lakini wanataka waone hataza kwanza. Wakizitengeneza, chaja za Husna zitakuwa nazo. Jibu la mchunguzi nimeshaliandika. Lina dai moja. Vipimo vimo. Inatakiwa sahihi yako kwa sababu niliwapa ninyi uwakilishi, na nimekuja ofisini kwako mara nyingi nikaambiwa uko kwenye maandalizi ya leo.")

Na kweli nilikuwa kwenye maandalizi. (Guno.) Rogathe, ninakuelewa, lakini fikiria ukubwa. Mimi ninakupa milima yote, wewe unaniomba unywele?

(Rogathe: "Milima si yangu, Mheshimiwa. Unywele ndio wangu.")

(Mzee Eliamini anasimama bila kuitwa. Mshereheshaji anamzuia, yeye anaendelea. Rogathe anamshushia kipaza sauti.)

Mzee, tafadhali, tuheshimu itifaki.

(Mzee Eliamini: "Nitaiheshimu nikimaliza. Mimi ndiye niliyemwita huyu mama mwongo, dukani kwake, watu wanasikia. Nimeshuka kutoka Chome kuja kumwomba radhi mbele za watu vilevile, kwa sababu nilisikia kosa halikuwa lake, lilikuwa la ufa. Sasa wewe umesimama hapo unasema ufa hakuna, kuna fursa. Mimi nimwombe radhi kwa lipi? Nimwambie chaja yangu iliuawa na fursa?")

(Uwanja mzima unacheka, halafu kicheko kinageuka kuwa sauti moja: "Rudisha ufa! Rudisha ufa!" Bodaboda zinapiga honi. Ndugu Anderson anateremsha mwavuli ili asikie vizuri.)

Tulieni. Tulieni, ndugu wananchi. Nawasikia. Naam… naomba niseme kwamba sijawahi, katika utumishi wangu wote, kusikia wananchi wakitamka istilahi ya kitaalamu kwa pamoja namna hii. Hii ni impakti. Anderson, andika kwamba hii ni impakti. (Honi.) Na kiongozi ni mtu anayesikia. Kwa hiyo, baada ya tafakuri ya kina niliyoifanya hivi sasa, na kwa mamlaka niliyojipa, natangaza rasmi kwamba kuanzia leo ufa upo! (Vigelegele. Makofi marefu. Wanawake wa Suji wanasimama.) Upo, na ni wa Upare! (Makofi.) Leta karatasi hiyo. Anderson, kalamu.

Hapa? Na hapa. Sasa, Rogathe, naona kwenye majina ya wavumbuzi limebaki moja.

(Rogathe: "Ndiyo, Mheshimiwa.")

La kwangu liko wapi?

(Rogathe: "Nimeliondoa neno jumuishi. Ukatoka nalo.")

(Kicheko. Mheshimiwa hacheki. Anaitazama karatasi. Anakifunika kipaza sauti kwa kiganja, lakini hakizimi, na uwanja wote unasikia.) Binti, unajua mimi sina kitu hata kimoja duniani chenye jina langu, ukiacha mawe ya msingi? Na hayo mawe mengine ng'ombe wanajikunia pembe. Nilidhani hili litabaki. (Rogathe, pole pole: "Najua, Mheshimiwa. Lakini hukulibuni wewe.") Sikulibuni. Hapana. Ni kweli sikulibuni.

(Anatia sahihi. Rogathe anaipokea karatasi kwa mikono miwili, anaupulizia wino, anashuka ngazi. Husna anamngojea chini. Mzee Eliamini anamsogelea Husna, kofia kifuani, anamwambia maneno ambayo kipaza sauti hakikuyapata. Husna anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anamshika mkono. Wanawake waliokaa karibu wanapiga vigelegele, na uwanja unawafuata bila kujua sababu.)

Asanteni, asanteni, makofi hayo nimeyapokea. (Anarekebisha tai.) Mmeona wenyewe uongozi unavyofanya kazi. Nimelipunguza dai kutoka vitu vyote vya dunia hadi kitu kimoja, ambalo ni punguzo la kihistoria. Nimemwachia wa kwanza gundi yake, nimemwachia wa pili utando wake, nimeirudishia dunia chapati. Mpisheni huyo dada, anawahi basi la Dar es Salaam. Bodaboda, mmoja wenu ampeleke stendi, na asipite kwenye mashimo.

Sasa nikisema "Kapasita", mnaitikia "Ufa mbele!" Kapasita! ("Ufa mbele!") Matabaka! ("Juu!") Waliotutangulia! ("Watusubiri!") Na Kamati! (Kimya.) Na Kamati! (Sauti moja: "Oyee," ni ya Anderson.)

Mwisho kabisa, ndugu wananchi, niruhusuni nitoe shukrani, maana jambo hili halikufanywa na mtu mmoja. Namshukuru ndugu Yunus, mwenye ghala hili nyuma yangu, kwa kutuazima ukuta wa mbele tuupake rangi ya kiwanda. Ndugu Yunus, rangi ni ya maji, usiwe na wasiwasi, na mkonge wako utaendelea kuingia kesho asubuhi kama kawaida. Nawashukuru vijana wa kwaya waliokubali kuvaa makoti meupe na kusimama madirishani kama wataalamu. Mnaweza kushuka sasa, najua kuna joto humo ndani. Ule mngurumo mliokuwa mnausikia tangu asubuhi ni jenereta ya vipaza sauti, naishukuru nayo. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tunaendelea kuwatafuta, na mitambo, ambayo itafika mara tutakapojua inaitwaje. Lakini zaidi ya wote naishukuru Kamati yangu, kwa uadilifu wake usio na mfano: tangu tuanze mradi huu mpaka ninavyozungumza nanyi sasa, hakuna tofali hata moja la kiwanda lililoibwa, kwa kuwa hakuna tofali hata moja lililowahi kununuliwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Anderson, mkasi.